Kibali cha Paa la Nyumba ya Mawe

Wewe unayesoma, nikuulize. Ana macho mawili na miwani juu yake, amezunguka nyumba nzima mara nne, na hajaona kitu ila jiko. Ni nani? Fikiria kwanza, usikimbilie. Umeshindwa? Basi kaa na mji wako, mimi siutaki. Mji nitakupa mimi. Mji ni Kitengela, mwaka ni tisini na saba, na huyo mwenye miwani ni Bwana Joram, mkaguzi wa majengo wa kaunsil.

Aliyemlisha Bwana Joram tangu mwezi wa tano ni Keziah, mjane wa Githinji, ambaye watu walimwita Mama Nyakio kwa jina la binti yake. Aliishi katika Nyumba ya Mawe, ile iliyo kando ya barabara ya Namanga. Kila mtu aliijua, hata aliyepotea aliambiwa, "Ukifika Nyumba ya Mawe, uliza hapo." Ilijengwa wakati wa wakoloni na Mhindi mwenye duka, mawe yakachongwa moja moja kwa mkono, na Wamaasai waliuza ngozi hapo na kununua sukari na shanga. Githinji aliinunua baada ya uhuru. Miaka ikapita, kaunsil wakaja kupigilia kibao mlangoni: NYUMBA YA KUMBUKUMBU. USIBADILISHE KITU BILA KIBALI. Siku hiyo Keziah alifurahi mpaka akachinja kuku wawili.

Sasa mbao za paa zilikuwa zimeliwa na mchwa, ukizigonga zinamwaga unga. Na nyumba ile ilikuwa na siri yake: Mhindi hakutumia saruji. Mawe yalishikwa na udongo mtupu. Fundi Nashon, mtu wa Siaya aliyepanga chumba cha nyuma na kuchonga mawe kule machimboni, alipanda juu kutazama akashuka.

"Mama Nyakio," alisema, "hii ukuta ikiwa kavu itakaa hata miaka mia. Ikiingia maji kutoka juu, ni uji."

Redio nayo ilishaanza kutaja El Nino. Kwa hiyo Keziah alikuwa na jambo moja tu rohoni: kupata kibali na kubadilisha paa kabla ya mvua ya mwezi wa kumi. Mabati alikuwa nayo. Mbao alikuwa nazo. Barua ndiyo hakuwa nayo.

Mara ya kwanza Joram alifika saa sita mchana, na mgeni wa saa sita kwa Keziah hali maneno. Alimpa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na kuku. Joram alikula, akapiga miayo, akasema jua limeenda, ukaguzi ataumalizia siku nyingine. Hapo ndipo Keziah alikosea. Kwa malezi yake, mgeni akiondoka bila kumaliza shughuli, shida ni chakula: hakikutosha. Mara ya pili akapika maradufu. Mara ya tatu akachinja mbuzi. Hakujua kwamba kila akiongeza sufuria, anaongeza safari.

Mara ya nne Joram alikuja na wenzake wawili ambao hawakutajwa majina wala kazi, pamoja na tarishi wa ofisi, mzee Parsaoti, aliyebeba faili. Parsaoti alisalimu vizuri kwa Kimaasai, kama mtu na mama yake, "Takwenya, yeiyo," na Keziah akaitikia, "Iko." Hao wengine waliuliza kama mbuzi ameiva.

Keziah alisimama mlangoni na sahani, akawatazama wakila. Walikula kama watu wanaong'oa visiki. Supu ilimtiririka Joram kidevuni ikafika kwenye tai. Alitema gegedu sakafuni, sakafu ambayo Keziah aliipiga deki akiwa amepiga magoti. Meza ilipojaa mafuta, alivuta ile ramani ya paa ambayo Nashon aliichora kwa jioni tisa, akaitandika chini ya mbavu.

"Baba, hiyo ni ramani," Keziah alisema.

"Najua, shosho," alimwita kama nyanya yake. "Naikagua."

Wenzake wakacheka, vinywa wazi, nyama ikionekana. Walipomaliza, Joram akaenda kwenye mlango wa zamani, ule ambao Keziah hakuruhusiwa kuupigilia hata msumari, akabandua kijiti cha mbao kwa ukucha, akaanza kuchokoa meno.

Keziah aliweka sahani chini. Akaenda nyuma ya nyumba, akashika ukuta. Amelea watoto saba, amefuta kila kitu ambacho mtoto anaweza kutoa. Hajawahi kusikia kinyaa kama kile.

Wiki iliyofuata alisafiri mpaka ofisini Kajiado, ramani mkononi. Joram aliishika kwa vidole viwili, mbali na shati.

"Shosho, hii ni chafu. Ofisi haiwezi kupiga muhuri kwa kitu iko na mafuta hivi."

"Hayo mafuta ni ya mdomo wako, Bwana Joram."

"Sikatai. Lakini ni chafu. Lete ingine."

Juu ya meza kulikuwa na maandazi, na nzi mmoja akitembea juu yake pole pole kama mwenye nyumba. Joram alimfukuza, akachukua andazi lile lile, akauma. Keziah akamtazama akitafuna, na swali likamtoka kabla hajalipanga.

"Hebu nieleze, baba. Nyinyi mnataka hii nyumba isimame ama ianguke?"

Joram alicheka mpaka makombo yakaruka mezani. "Wewe shosho unapenda vitendawili sana," alisema, akainuka kwenda kwa mkutano. Parsaoti, aliyekuwa akipanga faili kwenye rafu, aliacha kupanga. Alimtazama Keziah, akatazama faili lililokuwa mkononi mwake. Keziah akarudi Kitengela na swali lake.

Nashon alichora ramani mpya. Ilipelekwa. Wiki mbili, kimya. Mwezi wa kumi ukaingia, mawingu yakajipanga upande wa Ngong yakiwa meusi kama masizi ya sufuria. Tone la kwanza lilianguka Jumatatu, jikoni, juu ya mkono wa Keziah. Akapapasa ukuta juu ya dirisha. Udongo ukamfuata kidoleni.

"Nashon," aliita, "kesho panda."

"Na barua, Mama Nyakio?"

"Barua imeliwa."

Jumanne asubuhi Nashon alikuja na wachonga mawe sita wa machimboni. Kufikia saa nne nusu ya paa la zamani ilikuwa chini na mbao mpya zimeanza kukaa, na watu wa sokoni wamesimama barabarani kutazama. Ndipo gari la kaunsil likaingia. Joram akashuka, Parsaoti nyuma yake na faili.

"Shukeni!" Joram alipiga kelele. "Hii ni nyumba ya serikali ya historia! Nani amewapa ruhusa?"

"Mvua," Nashon alijibu kutoka juu, na watu wakacheka.

"Utacheka ukiwa ndani! Shukeni nyote, ama niite askari!"

Nyundo zikanyamaza. Nashon alimtazama Keziah. "Sisi tumeitwa na wewe. Ukisema tushuke, tunashuka."

Keziah alijifunga leso vizuri kiunoni. Alisogea karibu na Joram, karibu kiasi cha kunusa vitunguu alivyokula asubuhi, na hakurudi nyuma.

"Nilikuuliza swali kule ofisini ukalicheka. Leo nauliza mbele ya watu. Mnataka hii nyumba isimame ama ianguke? Ukinijibu isimame, hawa watashuka sasa hivi, na mimi nitangoja barua yako kwa adabu. Ukinijibu ianguke, hakuna mtu atakanyaga chini mpaka bati la mwisho lipigiliwe."

"Mimi sijibizani na wanawake barabarani."

"Basi nani atanijibu?"

Mama mmoja wa sokoni akasema kwa sauti, "Jibu, wewe! Mbona kwa mbuzi yake mdomo ulifunguka?" Watu wakacheka tena. Joram hakucheka. Alitoa kitambaa akafuta shingo, akafuta miwani, akafuta tena shingo kwa kitambaa kile kile. Upepo uliinua vumbi la mchwa kutoka kwa mbao kuukuu likamwingia puani, akapiga chafya, na kamasi ikabaki kwenye masharubu. Hakuna aliyemwambia.

Nyuma yake mzee Parsaoti alifungua faili. Alijua ukurasa; ameubeba tangu mwezi wa tatu.

"Parsaoti, funga hiyo," Joram alisema.

Mzee hakufunga. Alipita mbele ya mkubwa wake, akasimama mbele ya Keziah, akainua karatasi ili wote waone muhuri.

"Yeiyo," alisema, "hapa wameandika plot hii imeshapewa mtu, ajenge kituo cha petroli siku nyumba itaacha kuwa nyumba. Wewe uliuliza. Wanataka ianguke."