Kamba ya Merikebu ya Moto

Aliyetaka baruti ibarikiwe ni Anargiro, hilo lisemwe wazi. Asubuhi, kabla ya kung'oa nanga, padri alikwisha kunyunyizia maji ya baraka sitaha, milingoti na vichwa vya watu, na ingetosha. Yeye akamvuta mzee wa watu hadi chini, kwenye mfereji wa mbao uliopeleka baruti kutoka dirisha la nyuma mpaka mapipa ya lami.

"Baruti haihitaji ubatizo, wewe," Kapteni Gika alimwambia.

"Baraka hazizidi, Kapteni."

Panayi, shemeji yake, alicheka tu. Laiti angemzuia.

Sasa ilikuwa adhuhuri, na manowari ya Sultani wa Waturuki, iliyojaa askari wa kushushwa kisiwani kwao Hidra, ilikuwa imenaswa. Kulabu za merikebu yao ya moto, iliyojazwa lami na baruti ili iungue pamoja na adui, ziliiganda ubavuni kama kupe. Huku risasi zikinyesha, mabaharia walishuka kwenye mashua iliyofungwa chini ya dirisha la nyuma. Panayi akakaa na shoka penye kamba. Kiapo walikuwa wamekula mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola: moshi ukitoka dirishani kamba inakatwa, abaki atakayebaki.

Kapteni akaiwasha baruti, akaruka mashuani. Wakasubiri. Moto ulikwenda hatua tatu, ukafa.

"Imelowa," Anargiro alisema, uso umemshuka. "Ni yale maji yangu."

Juu yao Waturuki walikuwa wanazikata kulabu. Wakifaulu, wangefika Hidra kabla ya magharibi, na huko alikuwako Frosini, dada yake Panayi na mke wa Anargiro, akiwa na mimba ya miezi saba.

Kapteni aliinuka na mwenge. Anargiro akampokonya.

"Kaa, mzee. Nimelikoroga mwenyewe, nitalinywa." Akamgeukia Panayi. "Nawe shemeji, usinitie aibu na hilo shoka."

Akapanda, akapotelea dirishani.

Panayi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliomba moto usiwake, akaona haya, akaomba uwake. Ukawaka. Moshi mweusi ukamiminika dirishani.

"Kata," Kapteni alisema.

"Bado kidogo."

"Panayi, tutateketea sote. Kata."

Wenzake wote walikuwa wanamtazama. Akakata, pigo moja, akatupa shoka na kushika kasia.

Mashua ilikuwa imesogea pima tatu hivi kichwa cha Anargiro kilipotokea dirishani, nywele zikifuka moshi. Mpiga makasia hukaa akitazama atokako, kwa hiyo Panayi alimwona vizuri. Alimwona akikitazama kipande cha kamba kinachoning'inia, kisha akimtazama yeye.

"Vuta kasia, shemeji, vuta!" Anargiro alipaza sauti, mguu mmoja tayari dirishani. Hapo mapipa yakalipuka.

Jioni kengele za Hidra zililia mpaka masikio yakauma, maana manowari ilikuwa imezama na watu wake. Frosini alipenya umati gatini, mkono tumboni, akiangalia uso mmoja mmoja wa waliotoka mashuani. Hakuuliza mumewe yuko wapi. Kiapo chao alikijua; aliuliza nani alikata kamba.

Kapteni Gika alivua kofia. "Mimi, mwanangu."

Panayi angeweza kunyamaza, na hakuna hata mmoja kati ya wale mabaharia ambaye angemsuta.

"Kapteni anakuficha, Frosini," alisema. "Ni mimi, dada yangu. Nilikata, naye alikuwa yuaja."