Kahawa ya Haji Mutlaq

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, imebakiza sahihi tu. Rudaina, mhandisi wa mipango wa manispaa, alikuwa ameiandika kwa wiki tatu, na kila alipoirudia ilimwambia neno lile lile: hapana. Shibli alitaka mteremko wake wa mizeituni utolewe kwenye ardhi ya kilimo uwe wa makazi, aangushe mizeituni na kusimamisha fleti arobaini na nane. Mpango wa mji uliuweka mteremko ule kwenye kilimo kwa miaka kumi na mitano ijayo. Hilo peke yake watu wangeweza kulipindisha. Lakini maji ya bomba yalikuja mara moja kwa wiki, Jumapili, kila nyumba ikajaza tangi lake la darini na kuanza kuomba Mungu. Pampu ya maji machafu nayo ilikuwa imezidiwa tangu zamani. Ikinyesha mvua kidogo tu, ilitapika uani mwa shule ya wasichana, watoto wakaingia darasani kwa kuruka matofali, wamebana pua.

Kamati ingekaa Jumapili asubuhi. Shibli hakwenda ofisini kubishana na tarakimu. Tarakimu hazina baba, Rudaina anaye.

Kwa hiyo Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, akaja nyumbani kwa kina Rudaina na jaha: wazee kumi na wawili wa heshima, majoho yamenyooshwa pasi, mbele yao Sheikh Dhaifallah. Kila mtu mjini anajua jaha inavyokwenda. Mkubwa wa msafara hupewa kikombe cha kwanza, hukiweka chini bila kuonja, hutaja haja yake. Mwenye nyumba akisema "kunywa kahawa yako," haja imekubaliwa, na neno hilo huifunga nyumba nzima, pamoja na binti mwenye kalamu. Asiposema, kikombe hupoa, wageni huondoka, na aibu hiyo husimuliwa mpaka kwa vitukuu. Haji Mutlaq, baba yake Rudaina, hakuwahi kupoza kikombe cha mgeni.

Asubuhi ile Rudaina alimwuliza atajibu nini. Baba yake akavaa kilemba, akasema wageni ni wageni, akatoka.

Sasa Rudaina alikuwa jikoni, sikio mlangoni. Bibi Watfa, mama yake Haji, alikuwa anatwanga iliki.

"Baba akikubali, nawe ukaandika hapana?" Bibi akauliza.

"Nitakuwa nimemvua nguo mbele ya mji."

"Na ukiandika ndiyo?"

"Wale watoto wataogelea, Bibi."

Sebuleni salamu zilikwisha. Kisha sauti ya Haji: "Kahawa."

Bibi akafungua bomba. Likakohoa, likatoa tone moja, likanyamaza. Rudaina akajaribu la bafuni. Kavu. Akachungulia kwa jirani kupitia dirishani. Jirani akageuza ndoo yake juu chini. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mtaa mzima hunawa kwa kumbukumbu.

Ikabidi asimame mlangoni pa sebule, macho ya wazee kumi na wawili yakimtazama, aseme tangi limekauka.

"Hata birika moja?" Haji akauliza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Hata kikombe, Baba."

Shibli akacheka kidogo. "Injinia anayehesabu vyoo vya watu kashindwa kuhesabu maji ya kwao. Si neno, ninayo katoni ya chupa kwenye gari."

Shibli alikuwa ameshainuka, mkongojo wa Bibi Watfa ulipogonga sakafu nyuma ya Rudaina.

"Kaa, mwanangu," Bibi alisema. "Kahawa ya maji yako ni kahawa yako. Utailetaje nyumbani kwetu, uiweke chini, kisha ujiombe mwenyewe?"

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Sheikh Dhaifallah hakukohoa. Alimgeukia Rudaina.

"Binti yangu, hizo fleti arobaini na nane zitakunywa wapi?"

"Bomba hili hili, Sheikh. Na vyoo vyake vitateremkia pampu ya shuleni."

Sheikh alikaa akizungusha tasbihi, punje baada ya punje, na Shibli akikodolea macho vidole vile. Wajukuu wawili wa Sheikh husoma shule ile.

"Shibli," alisema mwishowe, "nyumba haikutunyima kahawa. Hakuna kikombe kilichopoa, na mimi sina haja niliyoitaja. Twendeni."

Walipoondoka, Rudaina alimkumbatia bibi yake. "Ulimwaga tangi zima?"

"Mimi? Nipande dari kwa magoti haya?"

Rudaina akatoka uani. Chini ya mkomamanga udongo ulikuwa umelowa chapachapa, na mpira wa maji uliteremka kutoka darini umejificha nyuma ya mabanzi. Haji Mutlaq alikuwa kwenye ngazi akivua viatu. Pindo za kanzu yake, zilizofichwa na joho mbele ya wageni, zilikuwa na tope mpaka magotini.

Hakumtazama. "Mti ulikuwa na kiu," alisema. "Kesho usichelewe kazini."

Rudaina akaingia ndani kutafuta kalamu, na jioni ile wote watatu walisali kwa kutayamamu, mchanga badala ya maji.