Funga Mlango, Baridi Inatoka

Mimi ni fundi wa majokofu, na kosa nililofanya ni la fundi wa majokofu. Kishikio cha ndani cha chumba cha baridi, katika bucha ya dada yangu, kilikuwa kimelegea. Nikakifungua, nikakiacha kwenye benchi huko nje, nikarudi ndani kukagua matundu ya skrubu. Dada akanifuata na paja la ng'ombe begani.

"Funga mlango, baridi inatoka!" akafoka, kama anavyofoka kila siku.

Nikauvuta kwa mazoea. Ukajikomea. Simu zetu zote zilikuwa kaunta.

Nilichokonoa matundu ya kishikio kwa bisibisi, bure. Nilipiga mlango kwa ngumi, kwa teke, mwisho kwa mfupa. Feni zilivuma juu yetu hata sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali. Vidole vilianza kufa ganzi. Niliogopa, sitadanganya.

Dada alikaa juu ya kreti, akafumba macho. "Bwana, njia hatuioni. Tuoneshe."

"Mungu hana bisibisi, Dada."

"Wewe unayo. Imekusaidia nini?"

Akaendelea na dua yake taratibu, bila haraka yoyote, meno yakigongana. Aliposema amina, umeme ukakatika.

Giza totoro. Nikacheka kwa hasira. "Haya! Umeomba kuoneshwa, hata taa tumenyang'anywa. Omba tena, labda dari itatuangukia."

"Nyamaza."

"Sinyamazi! Tutafia humu na madua yako..."

"Nyamaza, mdogo wangu. Sikiliza."

Feni zilikuwa zimenyamaza. Sasa tulisikia huko nje mtu akikohoa na kugonga kaunta. Alikuwa mteja mmoja mzee, mbishi wa bei ya maini, ambaye Dada humkwepa kila akimwona.

"Bucha gani hii haina mtu?" akanung'unika, akaanza kuondoka.

Tulipiga mayowe mpaka makoo yakawaka. Nyayo zikasimama. Zikarudi.

Mlango ulipofunguka nilianguka nje kwa magoti, nikilia bila haya.

"Mnatafuta nini humo?" mzee akauliza, mkono ungali kwenye komeo.

Kabla hatujamjibu umeme ukarudi, feni zikaanza kuvuma tena, hata ikabidi arudie swali lake kwa kupaza sauti. Dada aliziangalia zile feni kwa muda mrefu.

"Chagua maini unayotaka, mzee wangu," akasema.

Baridi ilikuwa inatoka yote. Kwa mara ya kwanza, hakuniambia nifunge mlango.