Raba ya Wifi

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: nilimwonea wifi yangu wivu, tena si ule wivu wa kununa kidogo ukaisha. Kilikuwa kijicho kamili, cha kunifanya nihesabu ni mara ngapi watu wamemsifu tangu asubuhi.

Na kazi nilimtafutia mwenyewe. Kaka yangu alipomwoa, nilimpeleka kwa msimamizi wa kiwanda chetu cha kuchapa vitabu, nikamwombea nafasi ya kukunja karatasi. Mimi ni mfunga vitabu, mwaka wa kumi na mbili huu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi mwenyeji ndiye niliyeanza kuumwa.

Kiwandani, nyuma ya marobota ya karatasi, tuna meza ya mpira wa meza. Tunacheza saa ya mapumziko, na kila mwaka mwanamke mmoja na mwanamume mmoja huenda kutuwakilisha kwenye mashindano ya viwanda. Kwa miaka sita mwanamke huyo alikuwa mimi. Halafu, kwa kuwa najua gundi, raketi zote hupitia mikononi mwangu. Mtu haendi dukani kabla hajaniuliza anunue raba gani, ule mpira mwembamba wa kubandikwa usoni mwa raketi, na akirudi nayo mimi ndiye ninayeibandika, naipitishia rola ya kulaza majalada, nakata kingo kwa wembe.

Msimamo wangu kila mtu aliujua. Anayeanza namwekea raba yenye sponji nyembamba, inayokwenda polepole, ili mkono ujifunze kuuelekeza mpira. Akishaweza kurudisha mipira ishirini bila kukosa, tunaongeza unene kidogo. Zile nene, za kasi, zinazonata, ni za mtu ambaye mkono wake umekomaa. Mpe asiyekomaa, mpira utamtoroka kama mbuzi aliyekata kamba. Nimeshawarudisha dukani watu wazima na raba zao za bei, wakaninunia wiki nzima.

Wifi alikuwa na mwaka mmoja na nusu mezani, na raba yake nyembamba nilimbandikia mimi. Alicheza nayo taratibu, bila fujo, anarudisha tu, anarudisha tena, mpaka mwenzake anachoka na kukosa. Akaanza kuwafunga wapiga chapa, kisha fundi wa mashine, na siku moja akanifunga mimi seti mbili mfululizo.

"Mfunga vitabu leo kafungwa yeye!" fundi wa mashine akapiga kelele, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nilicheka nao, usoni tu. Jioni nikamkuta mama anamsimulia jirani jinsi mke wa kaka yangu alivyo na mkono mwepesi. Mama yangu mwenyewe, ambaye kwa miaka sita yote hajawahi hata kuniuliza nimeshinda au nimeshindwa.

Wiki mbili kabla ya mechi ya kumchagua mwakilishi, wifi akanijia na raketi yake mezani kwangu, pale kwenye gundi.

"Wifi, hii raba imekwisha. Ninunue ipi?"

Jibu nililijua: ileile, au inayozidi kidogo tu. Ulimi ukasema jingine.

"Wewe sasa si wa raba za kujifunzia. Chukua ile nene kabisa, ya kasi."

"Kweli, wifi? Nimefika?"

"Sasa mimi nikudanganye ili iweje?"

Akanikumbatia na aproni yangu yote gundi. Kesho yake akaileta. Niliibandika vizuri kuliko zote nilizowahi kubandika, bila kiputo hata kimoja, asije mtu akasema kosa ni la gundi.

Siku ya mechi mipira yake ilipaa. Mkono ulikuwa uleule mtulivu, ila akigusa tu, mpira unaipita meza na kugonga marobota. Kila ulipotoka aliitazama raketi, akatabasamu kwa aibu, akarudi mahali pake. Nilimfunga seti tatu kwa sifuri. Seti ya kwanza nilifurahi, siwafichi. Ya pili pia.

Msimamizi akaichukua raketi ya wifi, akaibonyeza raba kwa kidole gumba. Ni mchezaji wa zamani, hadanganyiki. Akanitupia jicho.

"Hii nani kakuchagulia?" akamwuliza wifi.

Nikainama kuokota mpira.

"Mwenyewe," wifi akajibu haraka. "Wifi alinikataza, nikawa mbishi."

Msimamizi akaguna, akamrudishia raketi, akaenda kutafuta chaki aandike jina langu ubaoni. Nikamvuta wifi nyuma ya marobota.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka nikuaibishe mbele za watu?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mwezi uliopita nilikusikia unamkatalia fundi wa mashine raba hiihii, na yeye ana miaka mitano anacheza. Nilikuwa nakunja karatasi hapo nyuma yako."

"Sasa ukainunua ya nini?"

"Nilisema labda umeona kitu kwangu ambacho mimi mwenyewe sikioni. Si wewe ndiye unayejua?" Akajifuta kwa kiganja. "Niambie tu, wifi, nisijidanganye. Nimefika au sijafika?"

Hata hapo nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kuweza kuniamini hivyo, maana mimi nisingemwamini yeye hata dakika moja. Ningemwambia bado, angekubali, angerudi kwenye karatasi zake, na nafasi ingebaki yangu mwaka huu na mwaka ujao.

"Umenipita," nikasema. "Ulinipita na ileile nyembamba. Ndiyo maana nikakupa hii."

Akanisukumia raketi kifuani.

"Basi ibandue. Na kwa msimamizi uende mwenyewe. Mimi uongo wangu wa leo nimeshausema, unatosha."

Ubaoni, msimamizi alikuwa ameshaandika herufi mbili za jina langu. Nilimwacha aandike ya tatu, ndipo nikamwita.