Komeo la Ndani

Nyumbani kwa Romanus, kule Moshono, kila mlango ulikuwa na komeo lake, ila mlango wa chumbani haukuwa nalo. Aliling'oa mwenyewe siku mke wake Skolastika alipojifungia ndani ili asipigwe. Hakugomba wala hakupaza sauti. Alichukua bisibisi, akafungua skrubu moja moja huku akiimba wimbo wa komunyo, akalitia komeo mfukoni na kwenda nalo dukani kwake anakouza spea za magari. Usiku ule Skolastika alipigwa mlango ukiwa wazi.

Kwa hiyo alipotoroka, kitu cha kwanza alichonunua, kabla hata ya ndala, kilikuwa komeo jipya. Mwanamke hana chumba, hana godoro, ana komeo mkobani. Cheka ukitaka. Yeye hakucheka.

Alikimbilia upande wa pili wa mji, Kisongo, kwa Jackline ambaye zamani walishona pamoja sare za shule. Jackline akampa kochi la sebuleni na kumtafutia cherehani kwa fundi mmoja pale senta. Lakini kulala sebuleni kwa watu kuna adabu yake, jamani. Hulali mpaka wa mwisho azime televisheni. Unaamka kabla wa kwanza hajaja kutafuta viatu. Nguo zako zinakaa kwenye begi la shangazi kaja nyuma ya kochi, na ukikohoa unakohoa kwa mkono mdomoni. Hakuna aliyemwambia neno baya, na hilo ndilo lililomwelemea. Kisha siku moja Jackline akasema, macho yake yakiwa kwenye sufuria, kwamba mama mkwe anakuja kutibiwa na atahitaji lile kochi.

Skolastika alikuwa ameshahangaika kote. Dada wa dawati la jinsia polisi alimsikiliza vizuri, akampeleka mwenyewe kwenye nyumba ya kuhifadhi wanawake waliopigwa. Ilikuwa imejaa. Waliomo walikuwa na watoto wachanga, na hawakuwa wakitoka kwa sababu nao hawakuwa na pa kwenda. Vyumba vya kupanga navyo ukivisikia asubuhi, mchana vimeshachukuliwa. Na kikipatikana kimoja, mwenye nyumba anauliza mzee yuko wapi. Ukisema huna mume, utaleta wanaume. Ukisema unaye, aje mwenyewe tumwone. Ukisema ulimkimbia, hapo unaonyeshwa geti kwa heshima zote, maana nani anataka ugomvi wa watu uani kwake? Sasa niambie wewe, mwanamke wa namna hiyo akapange wapi, mawinguni?

Ndipo dalali akampeleka kwa Mama Hans, mjane wa Kichaga mwenye vyumba vya uani nyuma ya migomba yake. Skolastika akaamkia shikamoo, akaulizwa lile swali, na kwa kuchoka kudanganya akasema ukweli: ana mume, amemkimbia, anapiga. Mama Hans aliokota jani kavu la mgomba, kisha akamuuliza anasali wapi. Skolastika akasema ni Mkatoliki. Uso wa mama ukalegea. Akasema wapangaji wake Wakatoliki wote wanahudhuria jumuiya, ile sala ya majirani, kila Jumamosi, hataki mtu asiyejulikana na wenzake, maana huyo akiugua au akifa atamwangukia yeye peke yake. Mtu wa jumuiya hajawahi kumsumbua. Skolastika akaitikia haraka, asije akabadili mawazo.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na dirisha moja linaloangalia Mlima Meru. Kabla ya kutandika chochote aliazima bisibisi kwa jirani, akalifunga lile komeo kwa mkono wake. Likakaa upande kidogo. Akalisukuma, akalivuta, akalisukuma tena. Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba.

Shida ilianza jioni zilizofuata. Alisonga ugali wa mtu mmoja ukawa wa watatu, maana mkono ulikuwa haujazoea. Hakukuwa na wa kumkaribisha. Wapangaji wenzake walikuwa vijana wa kazi za ujenzi, wanatoka na giza na kurudi na giza, wanamsalimu kwa kichwa. Alisukuma komeo, akakaa kitandani, akasikiliza wenzake wakizungumza upande wa pili wa ukuta, na akalia. Alikuwa hana hofu, lakini hakuwa na mtu. Moshono alikuwa na wanawake wa jumuiya yake ya Mtakatifu Monika: waliomjulia hali akiugua, waliomzika mama yake, waliomwita Skola. Hakuna hata mmoja aliyejua ya chumbani, kwa sababu Romanus ndiye aliyewaongozea nyimbo, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko za wote.

Jumamosi akaenda jumuiya kwa Mzee Philemoni, mwenyekiti. Alikuwa ameshapanga uongo wake: atasema ametokea Rombo, kijijini kwao, basi. Ukweli aliomwambia Mama Hans ungebaki baina yao wawili. Aliurudia njia nzima. Lakini walipoanza kuimba, bibi mmoja akasogea kwenye benchi kumpisha, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka wimbo ukaisha. Skolastika hakuwa ameshikwa mkono na mtu tangu atoke Moshono. Mgeni alipoombwa kujitambulisha akasimama, akaona sanamu ya Bikira Maria juu ya kitambaa cheupe na nyuso zote zikimwangalia kwa wema, na uongo ukamkwama. Akataja jina lake lote. Akataja jumuiya yake, Mtakatifu Monika, Moshono.

Walimpigia makofi ya kumpokea. Alirudi nyumbani moyo mwepesi, maskini, hajui kwamba amejimaliza.

Maana Mzee Philemoni alikuwa mtu mwema. Kwao, muumini akihamia jumuiya mpya, mwenyekiti wa huku anampigia wa kule, wanasalimiana, wanakabidhiana mtu wao. Ndivyo inavyofanyika siku zote. Alipiga siku ileile. Na yule wa Moshono alipolisikia jina alishukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu kila Jumamosi tangu Skolastika apotee walikuwa wakimwombea arudi kwa mume wake.

Jumapili mchana alikuwa anamenya ndizi mlangoni aliposikia gari likisimama getini, na sauti za wanawake zikisema Tumsifu Yesu Kristo. Katikati ya sauti hizo akaisikia moja aliyoijua kuliko yake mwenyewe. Ndizi zikabaki pale nje. Aliingia, akasukuma komeo, akaegemea mlango kwa mgongo.

Walikuja uani wote: mwenyekiti wa Moshono, akina mama watatu, Mzee Philemoni kwa furaha ya kuwasindikiza, na Romanus katika shati jeupe, amebeba kreti la soda. Akina mama walimwita Skola wetu. Wakamwambia mume amekonda, hali chakula, nyumba imepoa. Walisema kwa upendo, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtukana, kwa sababu hawa ndio aliowalilia usiku. Alitamani kumfungulia kila mmoja wao isipokuwa yule mmoja, na hakukuwa na namna ya kufungua nusu.

"Skola, mke wangu," Romanus akasema polepole, karibu kabisa na mbao. "Fungua tuyamalize."

"Mwanangu," Mama Hans akasema nyuma ya Romanus, "wageni wamesimama juani."

"Mama, sifungui. Huyu anang'oa makomeo."

Hawakumwelewa. Nani angemwelewa? Romanus peke yake ndiye aliyeelewa, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu mvumilivu, kisha akawaomba wote wasali. Akaanzisha yeye. Sauti ikapita kwenye upenyo wa mlango, nzuri kama siku zote, na Skolastika akaziba masikio kwa viganja vyake.

Waliondoka jua likiwa limeshaegemea. Kreti la soda liliachwa kwa Mama Hans. Baadaye kidogo mama akaja peke yake, akagonga kwa kidole kimoja. Alisema hapohapo nje, taratibu, kwamba anamwamini. Alisema yule mwanamume alipokuwa anatoka aliuliza geti linafungwa saa ngapi, na namna alivyouliza hakuipenda. Lakini sasa ameshapajua, atarudi, na yeye ni mjane, Hans yuko mbali, hana wa kusimama getini. Kodi yake atamrudishia yote.

"Kesho, mwanangu. Nisamehe."

Skolastika akasema ameelewa, na kweli alielewa. Hata hasira hakuipata ya kumkasirikia. Alikaa macho mpaka alfajiri akiangalia komeo, na mlango haukugongwa tena.

Asubuhi akaazima bisibisi kwa jirani yuleyule. Alifungua skrubu, akalifunga komeo kwenye leso, akalitia mkobani. Jackline alikuwa na mama mkwe kwenye kochi. Kijijini Rombo ndiko Romanus angeanza kumtafuta. Alisimama uani na begi lake la shangazi kaja bila kujua ashike njia ipi. Mama Hans alikuja kukagua chumba, akapitisha kidole kwenye mlango, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeogopa kuonekana mbaya, matundu haya itakuwaje.

Skolastika akaweka begi chini. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye karai, akakilainisha kwa vidole, akaziba tundu moja baada ya jingine, akasawazisha kwa kucha na kufuta kwa pembe ya kanga. Alifanya kazi safi. Ukiwa umesimama hatua chache tu kutoka pale, usingejua kwamba mlango ule uliwahi kuwa na komeo.