Hamuza Anatazama Wapi

Ijumaa ile, tuliposujudu, paji la uso la Nasif lilitua juu ya mkono wangu. Hakuwa amepitiwa. Alikuwa amegeuka makusudi, yeye na watu wanane wa upande wa kulia, wakaupa ukuta wa mbele bega na kuielekea milima ya upande wa Kongo. Sisi wengine tukabaki tumeuelekea ukuta. Msikiti mmoja mdogo wa Bwera, imamu mmoja, kibla mbili.

Nasif ni muuza simu. Kibanda chake kiko kando ya barabara ya mpakani, kimejaa vioo vinavyometameta. Baada ya sala alisimama mlangoni akaiinua simu yake juu.

“Ndugu zangu, ukuta iko imepinda. Tazameni wenyewe. Hii inaongea na mitambo iko juu ya mbingu.”

“Ikiongea na mbingu,” nikamjibu, “iulize mvua inanyesha lini, wanawake waanike mihogo.”

Watu wakacheka, maana kuwachekesha ndiyo kazi iliyonibakia tangu nilipostaafu lori la chumvi ya Katwe. Nimewahi kuwaapia kwamba kiboko aliniomba lifti Kikorongo, akashukia njiani kwa sababu alikuwa na haraka. Lakini siku ile kicheko hakikuzima neno la Nasif. Niliwaona wakiutazama ukuta kwa jicho la mtu anayemtazama mke aliyechelewa kurudi sokoni.

Nami nilikuwa na sababu ya kuudhika. Ukuta ule niliupima mimi, miaka thelathini na minane iliyopita, na kila aliyeuliza nilimsimulia jinsi mhandisi Mzungu wa migodi ya shaba alivyonipa chombo cha dhahabu kilichopimiwa kileleni mwa Rwenzori, kwenye theluji. Kadiri miaka ilivyopita, chombo kiliongezeka uzito. Mwishoni kilikuwa kikibebwa na watu wanne.

Jioni, Mama Ramula alinijia nyumbani. Ni mjane wa Hamuza, fundi aliyeusimamisha ukuta huo kwa mikono yake na ambaye tulimzika nyuma ya ukuta huohuo mwaka juzi. Kamba ya kaburi niliivuta mimi, nikilifuatisha ukuta, ili uso wake uelekee Makka.

Hakuketi. “Hakim, uniambie kweli. Mume wangu iko anatazama wapi?”

“Makka, Mama. Wapi tena?”

“Nasif amepima kaburi na simu. Anasema Hamuza iko anatazama duka za Kasese.” Hakutabasamu. “Nimeita wachimbaji. Jumatano mchana watamufungua, wamugeuze.”

“Shehe Mubarak amekubali?”

“Shehe amekataa. Lakini shehe hakulala na ule mutu miaka arobaini. Ni mimi nitaulizwa.”

Alipoondoka nilikaa nikihesabu siku. Ilikuwa Ijumaa. Jumatano wangemfukua rafiki yangu na kumgeuza kama mkate kwenye kikaango, kwa amri ya kioo kinachouzwa pamoja na waya wa kuchajia. Nikasema moyoni, huyu kijana anatafuta jambo. Pengine anataka kila mzee wa Bwera anunue simu yenye kibla. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini mpakani hujifunza kushuku hata tabasamu la kuku.

Kesho yake nikamfuata kibandani.

“Nionyeshe huyo malaika wako.”

“Mzee amekubali kusoma!” Akainyoosha simu kwenye kiganja. Ilikuwa ndani ya mfuko wa ngozi nyekundu unaojifunga wenyewe, tap! Mshale wa kijani ukaelekea Kongo.

“Zunguka,” nikamwambia. Akazunguka, na mshale ukayumba kama mlevi kabla ya kutulia. “Inajifunga na nini, hiyo ngozi?”

“Sumaku kidogo, mzee. Ni ya kisasa.”

“Itoe.”

Akaitoa simu mfukoni, na mshale ukaondoka Kongo taratibu, ukapita vilele, ukaenda kutua mbali na mahali ulipokuwa. Akairudisha mfukoni; ukarudi Kongo. Akaitoa tena. Jasho likamtoka puani.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. “Umewaswalisha watu wanane kuelekea kifungo cha mfuko!”

Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, nikabaki nimeishika nguzo.

Kwa maana akilini nilikiona chombo changu cha dhahabu. Hakikuwa cha dhahabu. Kilikuwa dira ndogo ya bati niliyoazima kwa mpima barabara aliyekuwa akinywa chai mjini Kasese. Na kwa kuwa asubuhi ile mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kwa malaria, niliiweka juu ya boneti ya lori, mahali palipotulia. Juu ya chuma. Nikangoja mshale utulie, nikamwita Hamuza apige vigingi.

“Mzee, vipi?” Nasif akauliza. “Umeshinda, sasa unanuna nini?”

“Nyamaza, mwanangu.”

Habari za sumaku zilienea kabla ya adhuhuri. Sasa hakuna aliyeiamini simu, hata ilipokuwa uchi, na bado ukuta haukurudishiwa heshima yake. Shehe Mubarak, imamu wetu na mtu wa maneno machache, alitukusanya barazani.

“Jumatano ni tarehe ishirini na nane Mei,” akasema. “Siku hiyo, saa sita na dakika kumi na nane mchana, jua linasimama juu ya Kaaba. Simikeni fimbo iliyonyooka. Kivuli na Kaaba vitakuwa kwenye mstari mmoja. Jua halina mfuko.”

Siku nne hizo niliomba mawingu. Namuomba Mungu anisamehe, lakini niliomba. Milima ya Rwenzori hukaa imejifunika siku nyingi kuliko inavyoonekana, nami nilidhani siku moja zaidi haingemgharimu mtu kitu. Mawingu yangeificha boneti yangu milele. Kisha nikawakumbuka wachimbaji, ambao Mama Ramula alikuwa bado hajawarudisha, na nikagundua kwamba mawingu yaleyale yangemfukua Hamuza.

Jumatano mawingu yalikuwako asubuhi. Saa sita kasorobo yakapasuka.

Tulikusanyika makaburini. Shehe alisimika fimbo kwenye kona ya kaburi na kuipima kwa timazi, uzi wenye kijiwe. Nasif alishika simu yake, safari hii kwa ajili ya saa tu, nami nikajikuta nikimsogelea nisiikose dakika. Wachimbaji wawili waliegemea majembe yao. Mama Ramula alisimama peke yake, kanga kichwani.

“Kumi na sita,” Nasif akasema. “Kumi na saba.” Sauti ikamshuka. “Sasa.”

Shehe alichora kivuli kwa kijiti. Akaivuta kamba kuukata mstari huo kwa pembe mraba, kama kaburi linavyopaswa kulala, akailinganisha na ukingo wake mrefu. Mwanzoni kamba na kaburi vilikwenda pamoja. Vilipofika hatua ya kwanza, kiganja kimoja kilikuwa kinapita katikati yake. Hatua ya pili, viganja viwili.

“Si Kasese,” Shehe akasema polepole. “Wala si Kongo. Ni tofauti ndogo. Sheria ina nafasi kwa tofauti kama hii.”

Mama Ramula hakumtazama yeye. “Hakim. Ni chombo gani ile, ya muzungu wako?”

Hadithi ilikuwa tayari ulimini: tetemeko la ardhi, kaburi limesogea. Wangeipokea, baadhi walikwisha kuanza kutabasamu wakiingoja.

“Hakukuwa na mzungu, Mama. Ilikuwa dira ya kuazima. Niliiweka juu ya boneti.”

“Na Hamuza alikuwa wapi?”

“Kando yangu, na nyundo. Aliniuliza. Alisema, ‘Hakim, hii chuma haitaivuta?’ Nikamwambia fundi wa matofali asimfundishe dereva njia. Watu wakacheka. Naye akapiga vigingi nilipomwambia.”

Hakuna aliyecheka. Nasif alizima kioo cha simu yake na kuitia mfukoni.

Mama Ramula alipiga magoti penye kichwa cha kaburi. Alifuta majani makavu, akainama mpaka mdomo wake ukakaribia udongo, kama mtu anayemwamsha mwingine bila kutaka kumshtua.

“Hamuza,” akasema. “Umesikia? Amesema mwenyewe.”

Kisha akageuza sikio na kungoja. Wachimbaji wakalaza majembe chini, polepole, yasitoe mlio. Shehe akabaki na kamba mkononi. Nami nikabana pumzi yangu, asije akakosa kusikia.