Plasta ya Ukuta wa Kusini

Ukuta wa kusini wa kanisa la parokia ulikuwa ukitoka jasho hata kiangazi, na Jumapili baada ya misa halmashauri ingeamua: utengenezwe, au kanisa zima livunjwe. Jumamosi asubuhi Mama Diploma, kama kijiji kilivyomwita tangu aliporudi na cheti chake cha ujenzi, aliingia na nyundo mkononi. Nyuma yake alikuja baba yake, fundi mstaafu aitwaye Mzee Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa kuta, kwa sababu hakuwahi kusimamisha ukuta uliopinda, hata wa choo.

Kanisa lilijengwa na mababu, kwa matofali waliyoyachoma kando ya mto na kuyashikanisha kwa chokaa. Hapakuwa na nondo hata moja. Matao sita yalibeba paa kwa kuegemeana tu, na kuta zilikuwa nene kiasi cha mtu mzima kulala chali dirishani. Miaka ishirini na minane iliyopita Mzee Timazi aliibandua chokaa ya ukuta wa kusini, akaupiga plasta ya saruji, laini kama yai. Paroko wa wakati huo alimsifu kutoka altareni. Mzee hakusahau, wala hakumruhusu mtu mwingine asahau.

Mama Diploma aligonga ukuta. Ndu, ndu.

"Unasikia? Tupu. Maji yanapanda kutoka ardhini. Chokaa ingeyaacha yatoke, saruji imeyafungia ndani. Matofali yanageuka unga."

"Saruji yangu?"

"Yako, baba."

"Nilikusomesha uje univue nguo kanisani?"

"Heri nikuvue nguo kuliko ukuta uwaangukie watu wakipokea komunyo."

"Sema ni mvua. Sema ni mizizi. Sema ni shetani, huyo hatakataa."

"Nikisema mvua, wataona haina dawa, watavunja. Nikisema plasta, tutabandua plasta."

Mzee alitoka bila kupiga goti, yeye ambaye hupiga goti hata akipita nje barabarani.

Jumapili mwenyekiti alisimama akasema kanisa limezeeka, wakati umefika wa kujenga la kisasa.

"Hata wewe umezeeka, mwenyekiti," alisema katekista, "mbona hatukuvunji?"

Kicheko kilipotulia, Mama Diploma alieleza habari ya maji na saruji, kwa ufupi, kama anayeagiza mchanga.

"Na plasta hiyo aliipiga nani?" aliuliza mwenyekiti, ingawa alijua. Kila mtu alijua.

Mabenchi yalilia watu wakigeuka. Mzee Timazi, benchi la tatu, alikuwa akiichunguza kofia yake. Bintiye alikuwa ametafuta njia ya kulizunguka jambo hili, lakini mdomo wake haukuzoea kuzunguka.

"Baba yangu," alisema. "Na aliipiga vizuri mno. Angeipiga ovyo ingepasuka mapema, ukuta ungepumua, tusingekuwa hapa."

Walikubaliana plasta ibanduliwe, chokaa irudishwe. Mzee alitoka kwa mlango wa sakristia, asisalimiane na mtu.

Jumatatu Mama Diploma alianza kazi. Kufikia saa sita alikuwa ameua makali ya tindo mbili, na kila kipande kilichong'oka kiling'oka na uso wa tofali. Aliilaani plasta ile. Kisha akapitisha kiganja juu yake kutafuta kasoro moja tu, akaikosa.

Jumanne mzee hakuonekana. Jumatano alikuja, akasimama mlangoni mikono nyuma, akitazama ndoo ya chokaa.

"Hiyo umeiloweka lini?"

"Jana."

"Jana!" Alicheka bila furaha. "Sisi tuliizika shimoni miezi mitatu mpaka ikawa kama samli. Ya jana itakupasukia yote. Huko chuoni hawakufundisha kusubiri?"

Mama Diploma alikuwa amemwahidi paroko wiki mbili.

"Hawakufundisha," alisema.

"Basi mwambie paroko miezi mitatu. Ukuta nao ukae wazi, ukauke. Mimi nilipokuwa na haraka niliona chokaa ni umaskini, ndiyo maana tuko hapa." Alisema hivyo akitazama ukuta, si bintiye. "Chimba shimo nyuma ya sakristia. Kina cha kiuno. Cha kiuno changu, si chako."

"Utanisimamia?"

"Nani amesema? Bado nimekasirika."

Lakini alikuwa ameshavua koti, akitafuta pa kulitundika. Mama Diploma akaenda kuazima jembe.